Ukurasa Mmoja

Huja mwezi wa nne, kama waendao kung'olewa jino.
Mwaka wa kwanza hawajui mlango wangu uko wapi,
wa pili wanaupita wakifuata kahawa,
wa tatu, wiki sita kabla ya joho,
wananijia na makoti yanayochuruzika mvua ya Swansea
na swali moja: nitakuwa nani?

Mimi si mpiga ramli.
Nina kiti cha wageni kinacholia, hita inayokohoa,
na bango lililoandikwa JIAMINI
ambalo gundi yake haijiamini tena.

Heulwen Prosser alikuja Jumanne.
Anasoma historia. Akaweka mezani ukurasa mmoja:
jina, anwani, shule,
na chini yake weupe mtupu hadi ukingoni.
"Sina cha kuandika," akasema. "Nimesoma tu."

Nikamuuliza, wikendi huwa wapi?
Kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku.
Lakini ile si kazi, akasema, ile ni nauli.
Basi nieleze hiyo nauli.

Kuna bibi mmoja, Tudful,
kila saa tisa usiku huamka akitafuta basi la kiwandani.
Wakimrudisha kitandani, hulia.
Heulwen akaingia kwenye nyaraka za chuo,
akafukua ratiba ya mabasi ya enzi za usichana wa bibi,
akaichapa kwa herufi kubwa, akaibandika mlangoni.
Sasa bibi husimama, husoma kwa kidole:
basi la kwanza, saa kumi na mbili.
"Bado mapema," husema,
na hurudi kulala mwenyewe.

Nikaweka kalamu chini.
Nimesoma wasifu wa watu elfu mbili
wenye ari, wabunifu, wapendao kushirikiana na wenzao;
ratiba ile sijapata kukutana nayo.
Andika hiyo.
"Hiyo?"
Hiyo. Uliona nini, ulitafuta wapi, nini kikabadilika.

Wapo wahadhiri wasionipenda.
Daktari Penhallow husema chuo si tanuri la matofali,
wafanyakazi hawafyatuliwi hapa.
Kweli. Hata mimi sina kalibu.
Ila mtoto aliyekopa hadi shingoni ili asome
ana haki ya kujua ameshika nini mkononi,
tena ajue mapema, si siku ya kupimwa joho.
Mwaka huu amenipa saa moja katika somo lake,
Ijumaa jioni, saa ya watoro.
Nimeichukua.

Wiki ya tatu Heulwen akarudi.
Nikadhani ameitwa kwenye usaili.
Akatoa ukurasa mwingine. "Huu wa baba."

Miaka thelathini na moja kwenye tanuru la chuma,
mpaka lilipozimwa. Tangu hapo
hukaa jikoni amevaa koti, kama mtu anayengoja kuitwa.
"Alisema hana cha kuandika. Alifanya kazi tu.
Nikamuuliza kama ulivyoniuliza.
Chai ikapoa mara tatu."

Kumbe aliujua moto wa chuma kwa rangi yake,
kabla kipimo hakijasema.
Kumbe alifundisha vijana kumi na tisa,
na katika hao hakuna aliyeungua.

Hakuna aliyeungua.
Binti ameuweka mstari huo juu kabisa,
juu ya anwani.

Nilikuwa na kalamu nyekundu. Sikuigusa.

Nafasi aliyoomba hakupata;
wamemwandikia barua ya adabu sana.
Ameomba nyingine. Baba naye bado,
ingawa koti, naambiwa, siku hizi hulitundika.

Nje wanangoja wanne.
Mmoja yuko kwenye simu, ananong'ona
kwa sauti isiyokusudiwa masikio yangu:
"Mama, sina hata cha kuandika."

Navuta kile kiti, kinalia.
Karibu.
Wikendi huwa wapi?